Karafuu, Kitunguu Thaumu na Siki Badala ya Antibayotiki: Kipi Kinamfaa Kuku na Kipi Hakimfai



 

Katika visiwa vyetu ni nyumba chache zisizo na kuku. Wapo wenye majike matano na jogoo uani, na wapo waliojenga banda la kuku mia mbili wa mayai kwa mkopo wa kikundi. Na kila penye kuku pana maswali mawili yanayorudi. La kwanza: je, tunaweza kuacha dawa za dukani tukawapa kuku kitunguu thaumu, mwarobaini, shubiri au karafuu? La pili: kuku aliyepewa dawa, yai lake na nyama yake vina neno?

Jibu kwa ufupi ni kuwa viungo na majani hayo yana faida ya kweli, lakini mahali pake ni chakulani, kumsaidia kuku mzima abaki mzima. Si badala ya chanjo, na si badala ya daktari pale ugonjwa unapoingia. Na kuku aliyepewa dawa ana muda wake wa kusubiriwa. Kuuza mayai au nyama yake kabla ya muda huo kwisha ni kumdhuru mlaji. Tufafanue moja moja, in shaa Allaah.

Antibayotiki zilifikaje kwenye chakula cha kuku?

Antibayotiki ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaane. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, na mwaka 1945, alipopewa tuzo ya Nobel, yeye mwenyewe alionya kuwa dawa hiyo ikitumiwa kwa kiasi kidogo kisichotosha kuua, bakteria watajifunza kuishi nayo. Onyo hilo halikufanyiwa kazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti wa kampuni ya Lederle huko Marekani waliwalisha vifaranga mabaki ya kiwandani yaliyotokana na kutengeneza antibayotiki ya jamii ya tetrasaiklini. Walikuwa wakitafuta chanzo cha vitamini B12. Waliona vifaranga wanakua kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa, na ikabainika kuwa ndani ya mabaki yale mlikuwa na antibayotiki. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 viwanda vya chakula cha mifugo vikaanza kutia dawa kidogo kidogo ndani ya chakula, si kwa sababu kuku wanaumwa, bali ili wanenepe haraka.

Hapo ndipo ilipo shida. Dawa kidogo kila siku haiui bakteria wote. Huwaua walio dhaifu na kuwaacha wenye nguvu, nao huzaana na kujaza nafasi ya waliokufa. Tena bakteria wana uwezo wa kupeana ile siri ya kuhimili dawa, hata wakiwa wa aina tofauti. Baada ya muda banda zima huwa na bakteria ambao dawa ile haiwafanyi kitu. Hao hutoka na kinyesi, hushika kwenye ganda la yai, hupita kwenye ubao wa kukatia nyama, na mbolea ya kuku huwafikisha kwenye mchicha na bilingani.

Yanamhusu vipi mtoto wangu?

Wengi husema: "Dawa ya kuku ni ya kuku, ya binadamu ni ya binadamu." Sivyo. Tetrasaiklini hutumiwa kwa watu na kwa kuku. Enrofloksasini inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo ni ndugu wa siprofloksasini wanayopewa watu kwa homa ya matumbo na maradhi ya njia ya mkojo. Na enrofloksasini ikiingia mwilini mwa mnyama, sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini hasa. Marekani iliiondoa dawa hiyo kwenye kuku mwaka 2005, baada ya kuonekana kuwa bakteria wa kuku waliokuwa wakiwaharisha watu wameanza kuihimili.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa jimbo la Quebec nchini Kanada. Huko, vituo vya kutotolea vifaranga vilikuwa vikichoma mayai dawa iitwayo seftiofa, ambayo ni ya jamii moja na sindano wanazopewa watoto na waja wazito hospitalini. Ikaonekana kuwa salmonela wanaohimili dawa za jamii ile wanaongezeka kwenye kuku wa madukani na kwa wagonjwa kwa pamoja. Mwaka 2005 vituo vile viliacha kwa hiari. Bakteria wale wakapungua kwa kuku, na wakapungua kwa watu. Dawa iliporudishwa baadaye kwa kiasi, wakaanza kupanda tena. Mwenye kutaka dalili kwamba banda la kuku na wodi ya hospitali vimeunganishwa, hii inamtosha.

Jambo hili si dogo. Utafiti mkubwa uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa duniani kwa sababu ya bakteria wanaohimili dawa, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoathirika zaidi. Kwa familia ya kawaida maana yake ni hii: mtoto ana homa, anapewa dawa ile ile iliyomponyesha kaka yake miaka kumi iliyopita, na homa haishuki. Dawa inayofuata ni ghali, au haipo kisiwani.

Walioacha walipata nini?

Sweden ilipiga marufuku antibayotiki za kunenepesha mwaka 1986. Denmark ilianza na dawa moja, avoparsini, mwaka 1995, na mwanzoni mwa mwaka 1998 wafugaji wake wa kuku wa nyama wakaacha zote. Matokeo yake ni mafunzo kwetu. Mwaka 1995, katika aina moja ya bakteria wa matumbo waliopimwa kutoka kwa kuku wa nyama wa Denmark, zaidi ya asilimia 70 walikuwa wanahimili dawa ya jamii ile. Kufikia mwaka 2000 walikuwa chini ya asilimia 10. Na kuku hawakufa kwa wingi kama ilivyohofiwa, wala uzito wao haukuporomoka. Kilichoongezeka kidogo ni chakula cha kumkuza kuku mmoja.

Umoja wa Ulaya wote ukafuata, ukapiga marufuku antibayotiki za kunenepesha kuanzia tarehe 1 Januari 2006. China iliiondoa kolistini kwenye chakula cha mifugo mwaka 2017, baada ya watafiti wake kugundua mwaka 2015 kuwa bakteria wanaweza kupeana kinga dhidi ya dawa hiyo, ambayo hospitalini huwekwa akiba kwa mgonjwa ambaye dawa nyengine zimeshindwa. Mwaka huo huo wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wafugaji waache kuwapa wanyama wazima antibayotiki kwa kuwanenepesha au kuwakinga.

Lakini zingatieni: Wadenmark hawakuacha dawa wakakaa mikono mitupu. Walirekebisha mabanda, usafi, chanjo na chakula. Viungo na majani viliingia kama msaada juu ya msingi huo. Anayeanza na kitunguu thaumu huku banda lake limelowa mkojo na maji, anajenga paa kabla ya kuta.

Tuangalie sasa kimoja kimoja

Kitunguu thaumu. Nguvu yake imo katika kitu kiitwacho alisini, nacho hakimo kwenye kitunguu kizima. Hutokea pale kinapopondwa. Kwa hiyo kiponde, kiache dakika kumi, kisha kichanganye na chakula au maji. Ukikichemsha kabla ya kukiponda, umeua kile ulichokitaka. Katika majaribio mengi hutumiwa unga wa kitunguu thaumu kikavu gramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya chakula. Kikizidi sana huharibu chembe nyekundu za damu ya kuku, na harufu huweza kuingia kwenye yai.

Karafuu na mdalasini. Hivi ni vya kwetu, na wenzetu wa ng'ambo huvinunua kwa bei ili kutengeneza viongezeo vya chakula cha kuku. Karafuu ina yujinoli, mafuta yale yale yanayotia ganzi kwenye jino, na huzuia bakteria wengi wa matumbo. Makonyo nayo yana mafuta hayo, na Pemba hukamuliwa. Lakini ukali wake ndio hatari yake: kuku akipewa nyingi hukataa chakula, na ini lake huumia. Mwenye kutaka kujaribu asivuke gramu moja ya unga kwa kilo ya chakula. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa asimpe kuku kabisa, hata tone, kwa kukisia.

Habbat sawdaa. Waislamu tunaijua kwa Hadithi iliyopokelewa na Al-Bukhaariy na Muslim juu ya manufaa yake. Majaribio ya kuitia kwenye chakula cha kuku kwa kiasi cha gramu 10 kwa kilo yameonyesha mara nyingi kukua vizuri. Tatizo ni bei. Kwa kuku mia mbili itakula faida yote. Na kuamini Hadithi hiyo hakumaanishi kuacha chanjo, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ndiye pia aliyetufundisha kutafuta tiba na kwamba kila ugonjwa una dawa yake.

Mlonge. Hiki kwanza ni chakula, kisha ndio dawa. Majani makavu yana protini karibu robo ya uzito wake, na rangi yake hufanya kiini cha yai kiwe cha manjano iliyokolea. Kausha kivulini, saga, tia hadi gramu 50 kwa kilo ya chakula. Ukipita gramu 100 ukuaji hupungua, kwa sababu majani yana nyuzi nyingi kwa tumbo la kuku.

Pilipili. Ndege hawausikii muwasho wa pilipili. Ndiyo maana kunguru na shorewanda huila na kuitawanya mbegu zake. Kwa kuku pilipili nyekundu kavu huongeza rangi ya kiini na hamu ya kula. Anayewashwa ni wewe unayeichanganya, basi funga pua na mdomo.

Mwarobaini na shubiri. Hivi ndivyo vinavyotumiwa zaidi na wazee wetu, na vyote vina vitu vinavyozuia vijidudu. Lakini ni vichungu, na kuku akipewa kwa wingi hunywa maji kidogo na kula kidogo. Yako majike yaliyopunguza kutaga kwa sababu ya kuacha kunywa tu. Vipe kwa siku chache, viwe vyepesi, na daima kuwe na chombo cha pili chenye maji matupu katika siku hiyo.

Siki. Asidi hupunguza salmonela na bakteria wengine kwenye maji na kwenye koo la kuku, na viwandani hutumiwa asidi za namna hiyo kwa wingi. Nyumbani, kijiko kimoja cha chakula cha siki kwa lita 4 za maji kinatosha, siku mbili tatu kwa wiki. Tumia chombo cha plastiki. Ndoo ya bati huliwa na asidi na madini yake huingia kwenye maji.

Maziwa ya mtindi na chakula kilichochachuliwa. Hii ndiyo njia ambayo watu wengi huidharau, nayo ina msingi imara. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kuwa kifaranga akipewa mapema bakteria wa matumbo ya kuku mkubwa mwenye afya, salmonela hukosa pa kukaa. Kifaranga aliyelelewa na mama yake huwapata bakteria hao kwa kuchokoa pamoja naye. Kifaranga wa mashine hajapata kumuona mama, anakuja na tumbo tupu, na wa kwanza kufika ndiye mwenye nyumba. Mtindi kidogo kwenye chakula cha kifaranga, au chakula kilichorowekwa maji na kuchachuka siku mbili hadi tatu, huleta bakteria wazuri na uchachu unaowazuia wabaya. Kikinuka uchachu wa kupendeza ni kizuri. Kikinuka uozo au kikiota ukungu, tupa.

Mwani. Kwa kuwa unalimwa pwani zetu, wengi huuliza. Una madini mengi, na kiasi kidogo, gramu 10 hadi 20 kwa kilo, kinaweza kusaidia. Ila lazima uoshwe sana kwa maji matamu kabla ya kukaushwa, kwa sababu chumvi nyingi huwaharisha kuku na huweza kuwaua vifaranga.

Mipaka ambayo lazima ijulikane

Maradhi makubwa yanayomaliza mabanda yetu ni ya virusi: mdondo, ambao wengine huuita kideri, gumboro, na ndui ya kuku. Virusi haviuawi na antibayotiki hata moja, na hakuna kitunguu wala shubiri iliyothibiti kuuzuia mdondo bandani. Kinachouzuia ni chanjo. Tanzania hutengenezwa chanjo ya mdondo ya aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyengine, na hutolewa kwa tone moja kwenye jicho la kuku, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tone hilo moja ni rahisi kuliko kilo ya kitunguu thaumu, na ni rahisi mno kuliko kuzika kuku mia.

Siku unayochanja kwa kutia chanjo kwenye maji, na siku moja kabla na moja baada yake, usitie siki, wala klorini, wala majani yoyote kwenye maji hayo. Chanjo ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Ukikiua ndani ya ndoo, umewanywesha kuku maji matupu ukidhani umewakinga.

Kuhara damu kwa vifaranga husababishwa na koksidia, ambao si bakteria wala virusi, na wana dawa zao mahsusi. Matandazo makavu ndiyo kinga yao ya kwanza. Homa ya matumbo ya kuku na mafua makali husababishwa na bakteria, na hapa antibayotiki inaweza kuwa lazima. Kumuacha mnyama ateseke kwa ajili ya kusema "kuku wangu ni wa asili" si katika dini. Sote tunaijua Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya kumlisha. Na kuku uliyemfungia banda hana pa kwenda kujitafutia tiba.

Basi kuku wanapoumwa: watenge wagonjwa, mpelekee daktari wa mifugo kuku aliyekufa punde akiwa kwenye mfuko uliofungwa vizuri, na ukipewa dawa, itoe kwa kipimo na siku zote zilizoandikwa. Usikate siku ya pili kwa sababu wameinua vichwa.

Kagueni pia ule unga wa "vitamini za vifaranga". Baadhi ya pakiti zinazouzwa kwa jina hilo zina oksitetrasaiklini ndani yake. Mama anadhani anawapa vifaranga nguvu, kumbe kila wiki anawapa antibayotiki kidogo kidogo, yaani ile ile njia inayozalisha bakteria sugu. Soma orodha ya vilivyomo, na kama huwezi kuisoma, mpe kijana wa skuli akusomee kabla hujalipa.

Msingi kabla ya kiungo

Haya ndiyo yanayofanya kazi kubwa, na viungo huja baada yake.

Nafasi: kuku wa nyama wasizidi 8 hadi 10 kwa mita moja ya mraba, na wa mayai 4 hadi 5.

Joto la vifaranga: wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kidogo kidogo. Wakijikusanya pamoja wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, joto limezidi.

Matandazo: maranda makavu, yageuzwe kila siku chache, na palipolowa paondolewe siku hiyo hiyo. Wakati wa masika hili ndilo jihadi la mfugaji wa visiwani.

Chakula: pumba na mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, nayo hudhoofisha kinga ya kuku hata chanjo isishike vizuri. Weka magunia juu ya mbao, yasigusane na ukuta wala sakafu.

Kuingia na kutoka: viatu vya bandani vibaki bandani. Kuku mpya akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Kuku uliyempeleka sokoni akakosa mnunuzi usimrudishe moja kwa moja kwa wenzake.

Jaribu kwa kipimo, si kwa sifa

Mwenye kusifu dawa ya majani mara nyingi hana hesabu. Wewe weka hesabu. Chukua vifaranga 40 wa siku moja, wagawe 20 kwa 20 kwa bahati, bila ya kuchagua wanono. Chumba kimoja, joto moja, chakula kimoja. Kundi moja litiwe kiungo, jengine lisitiwe. Pima chakula unachowapa, pima uzito wao kila wiki, andika waliokufa. Mwisho gawanya kilo za chakula walichokula kwa kilo za uzito walioongeza. Tuseme kundi moja limekula kilo 60 likaongeza kilo 30: hesabu yake ni 2. Jengine limekula kilo 60 likaongeza kilo 32: ni chini kidogo ya 1.9. Hilo la pili ni bora, ikiwa kiungo hakikugharimu zaidi ya bei ya zile kilo mbili za nyama. Rudia mara mbili au tatu kabla ya kumshauri jirani.

Mayai na nyama ya kuku aliyepewa dawa

Kila dawa ya mifugo huwa na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti: siku kadhaa baada ya dozi ya mwisho ambazo nyama na mayai visitumiwe. Nyengine huandikwa wazi kwamba zisipewe kabisa kuku wanaotaga mayai ya kula. Kupika hakutatui jambo hili: moto huua bakteria, lakini mabaki ya dawa nyengine hubaki hata baada ya kuchemshwa.

Je, sheria ina la kusema? Kuku ni halali, na imethibiti kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimla. Dawa aliyopewa kwa haja haimfanyi kuwa haramu. Lakini 'Ulamaa wanalijua suala la jallaalah, mnyama ambaye chakula chake kikubwa ni najisi, ambaye katazo la kumla limepokelewa katika Sunan za Abu Daawuud na At-Tirmidhiy. Na imepokelewa kutoka kwa Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) kuwa alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumchinja, ili asafike. Dawa si najisi, wala hatusemi hukumu yake ni moja. Masuala ya hukumu yaulizwe kwa mashekhe. Lakini wazo la kumpa mnyama muda asafike kabla ya kuliwa si geni kwetu, wala halikuletwa na wazungu.

Lililo wazi zaidi ni la muuzaji. Imepokelewa na Muslim kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliingiza mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha, na akajiepusha na mwenye kughushi. Trei ya mayai yaliyotagwa ndani ya siku za dawa ni rundo kavu juu lenye unyevu chini. Mnunuzi haoni, hanusi, wala haonji tofauti. Anakutegemea wewe. Na huenda anayanunua kwa ajili ya mtoto wa mwaka mmoja au mgonjwa anayetoka hospitali.

Hasara ipo, hatuikatai. Mama mwenye kuku mia wanaotaga trei mbili na nusu kwa siku, akiambiwa atupe mayai ya siku kumi, hiyo ni trei 25, na pengine ni ada ya skuli ya mtoto. Ndiyo maana chanjo na usafi ni bora kuliko tiba: asiyeumwa hahitaji dozi, na asiye na dozi hana mayai ya kutupa. Vikundi vya wafugaji vingefanya vyema kutenga mfuko mdogo wa kumfidia mwanachama anayezuia mayai yake kwa uaminifu. Mtu mmoja akiachiwa mzigo huo peke yake, shetani atamtembelea kila asubuhi anapookota mayai.

Kwa upande wa jikoni

Hata asiyefuga ana sehemu yake. Ubao na kisu cha kuku mbichi visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Kuku aive mpaka kwenye mfupa. Mikono ioshwe baada ya kuokota mayai, na watoto wafundishwe hivyo hivyo. Mbolea ya kuku irundikwe na kufunikwa miezi kadhaa ioze kwa joto lake kabla ya kutiwa kwenye mboga. Na antibayotiki za watu zilizobaki kwenye kabati wasipewe kuku, kama ambavyo za kuku asipewe mtu.

Muhtasari wa hatua za kuanzia wiki hii: ulizia ratiba ya chanjo kwa afisa mifugo wa shehia yako, soma pakiti zote za "vitamini" ulizonazo, kausha matandazo, kisha chagua kiungo kimoja tu, kile kinachopatikana kwako kwa bei ndogo, ukijaribu kwa hesabu. Ukichanganya vitano kwa pamoja, hutajua kipi kilisaidia na kipi kilidhuru.

Tunamuomba Allaah Atubarikie katika riziki zetu, Atuwezeshe kulisha familia zetu na za wenzetu kilicho halali na kizuri, na Atuhifadhie watoto wetu.

Na Allaah Anajua zaidi.